SHAABAN ROBERT, KARANI ALIYETUNGA INCHI YA HEWANI



Mara hii gazeti letu liliomba habari ya maisha ya mtu mkubwa aliyekufa zamani. Wengine walitaka Livingstone, wengine Simon Kimbangu. Mimi nimechagua Shaaban Robert, juu ya maneno yaliyotokea kati yetu. Mnajua kama kitabu kimoja kimezunguka mkono kwa mkono, kitabu chenye majini na watu waliogeuzwa manyani. Wamoja wanasema kwamba hakifai mu masomo ya Kikristo. Wengine wanasema hakifai mu masomo yoyote, kwa sababu ni cha Kiswahili, na Kiswahili ni cha soko na cha wachuuzi wa barabara ya Bunia na Komanda, kujifunza ni kwa Kifaransa. Kitabu hicho ni Adili na Nduguze. Mbele ya kumhukumu mtu, tumjue kwanza.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 kijijini Vibambani, karibu na Machui, upande wa kusini wa mji wa Tanga. Wakati ule inchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Nyuma ya vita ya 1914-1918 Waingereza wakaichukua, na ndiyo sababu Shaaban alisoma masomo ya Waingereza kule Dar es Salaam, tangu 1922 mpaka 1926. Wanafunzi 11 walipata cheti, yeye akawa wa pili. Alikuwa na miaka 17, umri ambao sisi wengi tungali tunakosa alama za dikte. Masomo ya darasani yakaishia hapo. Hakuona universite hata mlango wake.

Jina la Robert lisidanganye mtu: alikuwa Mwislamu. Alipata kazi ya ukarani wa forodha, akakaa Pangani, mji mdogo wa pwani. Baadaye alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, kisha katika ofisi ya kupima ardhi mpaka 1960. Basi, zaidi ya miaka 30 alikuwa karani wa serikali ya wageni. Vitabu aliandika kando ya kazi hiyo. Barua alizomwandikia ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, tangu 1931 mpaka 1958 zimekusanywa na kuchapwa Dar es Salaam, na ndani yake unaona mtu mwenye shida ya feza kama baba zetu, mwenye jamaa kubwa, anayehangaika na wachapaji.

Mke wake wa kwanza, Amina, alikufa angali kijana. Shaaban alimwandikia shairi la kilio, na wapenda mashairi wanalihesabu kati ya mazuri yake yote. Alikuwa mshairi kweli kweli. Juu ya vita ya 1939-1945 peke yake alitunga utenzi wa mabeti karibu 3000! Sisi tukiambiwa kutunga mabeti manne kwa sikukuu ya masomo tunaanza kuumwa kichwa.

Lakini mashairi si ndiyo yaliyoleta maneno hapa. Ni hadisi zake za ajabu.

Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake Kusadikika. Ni inchi inayoelea hewani. Mipaka yake ni pepo nne, na mbingu juu, na ardhi chini. Mu inchi ile kijana mmoja, Karama, anashitakiwa na waziri mkuu anayeitwa Majivuno. Kosa lake? Anafundisha watu elimu ya sheria. Siku kwa siku Karama anasimama mbele ya baraza na kueleza habari ya wajumbe sita waliotumwa zamani, kila mmoja upande wake, hata mbinguni, hata duniani, kutafuta mambo mema ya kuponya inchi. Kila mjumbe aliporudi na mema yale alitiwa gerezani. Mwisho mfalme anasikia, Karama anaokoka, na wale wajumbe wanafunguliwa.

Sasa fikirini. Mtu anayekula mshahara wa serikali ya kikoloni angeweza kuandika wazi kwamba wakubwa wanafunga kila anayeleta maarifa? Hangeweza. Ndiyo sababu, mimi naona hivyo, aliipeleka inchi yake hewani, mahali ambapo polisi hawana njia ya kufika. Tanganyika ilipata uhuru miaka 10 baadaye, tarehe 9 Desemba 1961.

Adili na Nduguze kilifuata mwaka 1952. Mfalme Rai anamtuma Ikibali kwenda Janibu kwa habari ya kodi. Liwali wa Janibu ni Adili, mtu mwema, anayesifiwa na wote. Lakini usiku Ikibali anachungulia na kuona jambo la kutisha: Adili anachukua mjeledi, anawapiga manyani wawili, mmoja nyuma ya mwingine. Akimaliza anawalilia, anawaomba radhi, na kuwalisha chakula kizuri cha meza yake. Kila usiku iko hivyo. Kumbe manyani wale ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa baba mmoja, waliomtupa baharini juu ya wivu. Huria, binti wa mfalme wa majini, ambaye Adili alimwokoa zamani, ndiye aliyewageuza na kuamuru wapigwe. Adili asipowapiga, yeye mwenyewe atapatwa na mabaya. Mji wa watu waliogeuka mawe uko ndani pia, lakini huo sitausimulia, someni wenyewe.

Mzizi wa hadisi ile ni wa zamani, uko katika Alfu Lela u Lela ya Waarabu. Shaaban aliuchukua na kuupanda upya katika Kiswahili, akaupa majina yake na maana yake.

Mimi ninayajibu maneno ya wanaokikataa hivi. Fungua Waamuzi sura ya 9, utaona miti inayosema na kutafuta mfalme. Fungua Danieli sura ya 4, utaona mfalme mkubwa anakula majani sawa ng'ombe. Mke wa Loti aligeuka nguzo ya chumvi. Na Yosefu je, nani alimtupa shimoni kama si ndugu zake? Anayesoma hayo Jumapili asiogope manyani wawili siku ya Jumatatu. Tena sisi wa Ituri, nyuma ya yale yaliyoanza 1999, yale wazazi wetu waliyoyaona kati ya jirani na jirani, tuna haja gani ya kuambiwa kwamba mtu anayempiga ndugu yake ni mambo ya kubuni? Nilipofika pale Adili anapolia na mjeledi mkononi, nilifunga kitabu kwanza.

Sisemi kila kitu chake ni kizuri. Mara nyingi anahubiri mno, na majina yake yanafunua siri mapema: mtu akiitwa Majivuno, unangoja nini kwake? Wale wanaojifunza Kifaransa wanamjua Edgar Poe wa Marekani, ambaye Baudelaire alimtafsiri. Poe alizaliwa 1809, miaka 100 kamili mbele ya Shaaban, mshairi naye, naye alimlilia mke aliyekufa kijana. Poe anakuacha katika giza. Shaaban anakutoa, hata kama ungependa kubaki kidogo.

Wale wanaosema Kiswahili ni cha soko wajue kama alipewa zawadi ya ukumbusho wa Margaret Wrong, mama wa Kanada aliyefanya kazi ya vitabu vya Kikristo vya Afrika na kufa Uganda mwaka 1948. Kwa hiyo zawadi yenye jina la Mprotestanti ilipewa Mwislamu juu ya Kiswahili chake. Hata hivyo wachapaji walimchelewesha, mpaka akaanzisha kazi yake mwenyewe ya kuchapa vitabu kule kwao Tanga. Vitabu vingi havikutoka akiwa hai. Kufikirika, habari ya mfalme asiye na mtoto anayeita waganga wa kila namna, na Utubora Mkulima, na ule utenzi wa vita, vyote vilichapwa nyuma ya kifo chake.

Alikufa Juni 1962, miaka 53 tu, miezi sita nyuma ya uhuru, akazikwa Machui. Dar es Salaam kuna masomo ya sekondari yenye jina lake, na barabara pia, pale penye Makumbusho ya Taifa.

Kitabu cha Adili tunacho kimoja, na jalada limeng'oka. Kiko kwangu. Anayekitaka aniletee jina lake wakati wa mapumziko; kila mtu siku tatu, bila kukunja kurasa.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho