Charles Wilson: kutoka wingu la radi hadi moto wa tokamaki

Wakaaji wa Bunia wanajua namna mbingu inavyogeuka mchana wa msimu wa mvua: wingu jeusi linapanda, watoto wanaitwa ndani, simu zinazimwa. Mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Kabare, katika Kivu ya Kusini, imehesabiwa mimuliko zaidi ya 200 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Mmoja wa watu wa kwanza kueleza kile kinachoweza kutokea ndani ya wingu kama hilo alikuwa mtoto wa mfugaji wa kondoo huko Uskoti, Charles Thomson Rees Wilson.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1869. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na familia ikahamia Manchester. Alianza masomo akitaka kuwa daktari, kisha akaenda Cambridge kwa ajili ya fizikia. Mwezi wa Septemba 1894 alifanya kazi wiki mbili katika kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Ben Nevis. Ndio mlima mrefu kupita yote ya Uingereza, lakini una meta 1,345 tu, karibu sawa na kimo cha Bunia yenyewe. Mwaka uliofuata alirudi huko, akasikia nywele zake zinasimama. Alishuka mbio, na radi ikapiga nyuma yake.

Mawingu yalimpa chombo kilichomletea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1927, pamoja na Mmarekani Arthur Compton: chumba kidogo chenye mvuke, ambamo chembe isiyoonekana inaacha mstari wa matone. Lakini wazo lake la mwaka wa 1925 ndilo linalowasumbua mainjinia leo. Wilson aliona kwamba elektroni ikishakuwa na mbio nyingi, hewa inaizuia kidogo zaidi, si zaidi. Umeme wa wingu ukiendelea kuisukuma, haisimami tena, kama kamioni iliyokosa freni kwenye mteremko wa kwenda Kasenyi. Ilibidi kungoja hadi 1994 ndipo watafiti watangaze mionzi ya gama inayotoka juu ya mawingu ya radi. Satelaiti iliyoiona ilikuwa na jina la Compton.

Jambo hilohilo liko ndani ya tokamaki, mitambo inayotafuta nishati kwa kuunganisha viini vya atomi ndani ya plazma, gesi ya moto mkali sana. Plazma ikivunjika ghafla, umeme unasukuma elektroni hadi karibu na mwendo wa mwanga, na kila moja inaweza kutorosha nyingine. Katika mtambo wa JET, Uingereza, ziliyeyusha sehemu za ukuta. ITER, unaojengwa kusini mwa Ufaransa, utabeba ampea milioni 15, na hapo hasara inaweza kuwa kubwa mno. Dawa inayoandaliwa ni kurusha ndani vipande vya haidrojeni na neoni iliyogandishwa, plazma iwe nzito: ni kumwaga matope mbele ya kamioni. Kama yatatosha, bado kunajadiliwa.

Wilson mwenyewe alirudi Uskoti alipozeeka. Akiwa amepita miaka 80 alipanda ndege pamoja na wanafunzi wa hali ya hewa ili atazame mawingu, na mwaka wa 1956 akatoa makala yake ya mwisho, juu ya umeme wa radi. Alifariki Carlops tarehe 15 Novemba 1959. Mwaka huo huo, huko Marekani, Harry Dreicer alichapisha hesabu za elektroni zinazotoroka ndani ya plazma.