Martin Kayamba: mfungwa wa vita aliyerudi kazini

Wengi wetu tunamfahamu Martin Kayamba kama Mtanganyika aliyekwenda London mwaka 1931. Miaka yake ya kifungo haizungumzwi sana.

Kayamba alizaliwa Mbweni, Zanzibar, mwaka 1891, katika familia ya Wabondei. Baba yake alikuwa mwalimu wa misheni ya Kianglikana aliyewahi kusoma Uingereza. Mtoto naye alisoma Kiungani, akawa karani na mwalimu Zanzibar na Kenya.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, ilimkuta upande wa Wajerumani. Kusoma kwake kukageuka hatia. Walimu na makarani waliolelewa na misheni ya Waingereza walishukiwa kuwa wapelelezi wa adui, wakakamatwa pamoja na mapadre wao. Kayamba akawa mfungwa, akapelekwa hadi Tabora, mji ambao reli hii inayopita Pugu na Soga ilikuwa imeufikia mwaka 1912. Watu waliozoea kushika kalamu walifanyishwa kazi ngumu chini ya askari. Mlango ulifunguka Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoiteka Tabora.

Je, mtu aliyefungwa bila kosa hufanya nini akiachiwa? Kayamba alirudi kazini. Aliajiriwa na serikali ya Waingereza mjini Tanga, akapanda hadi karani mkuu. Mwaka 1922, hapo hapo Tanga, aliongoza kuanzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Chama hicho kiliwakusanya Wakristo na Waislamu, bila kujali kabila, wakati ambapo watu wengi bado walijitambua kwa ukoo na dini tu.

Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Swali lilikuwa kama Tanganyika iunganishwe na Kenya na Uganda. Watanganyika hao walipinga, maana walihofia nguvu za walowezi wa Kenya. Baadaye Kayamba alihamia makao makuu ya serikali Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1940.

Wapo wanaomlaumu kwamba aliwaamini mno Waingereza, akategemea barua na vikao mahali ambapo wengine wangegoma. Lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo, hakutoka kifungoni na kisasi, wala woga haukumzuia kusema mbele ya wakubwa.

Mseminari anayesoma habari hii atamkumbuka Yusufu mwana wa Yakobo, aliyesingiziwa, akafungwa, kisha akawatumikia watu kwa elimu ileile aliyoingia nayo gerezani. Nasi parokiani tunao waliosingiziwa, kazini au hata katika jumuiya zetu ndogondogo. Tuwaombee wasibaki wafungwa baada ya mlango kufunguliwa, na sisi tuwarudishie nafasi yao.