Binti wa Vitana na nduguze wa Sevilla

Wapenzi wa taarabu wa pwani yetu hawahitaji kufunzwa maana ya sauti inayomshika mtu kifuani. Basi leo, ndugu msomaji, nakutembeza mbali kidogo, hadi kusini mwa Uhispania, nikusimulie habari za mwanamke aliyekuwa na sauti ya namna hiyo, na za nyumba iliyomlea. Jina lake Pastora Pavón, lakini watu walimjua kama La Niña de los Peines, yaani Binti wa Vitana.

Alizaliwa 10 Februari 1890 katika mtaa wa Butrón, mjini Sevilla. Huo ndio mji ambao Waislamu waliuita Ishbiliya na kuutawala zaidi ya miaka mia tano, mpaka mfalme wa Castilla alipouteka mwaka 1248. Babake, Francisco Pavón, alikuwa mhunzi. Lakabu yake El Paiti. Mamake, Pastora Cruz, alitoka mji mdogo wa Arahal. Wote wawili walikuwa Wagitano, na ndivyo Waroma wanavyoitwa kule Uhispania.

Hapa sharti nisimame, kwa sababu bila habari hii maisha ya Pastora hayaeleweki. Waroma asili yao ni kaskazini mwa India, na lugha yao ni jamaa ya Kihindi na Kipunjabi. Uhispania walifika karne ya 15. Karatasi ya kwanza inayowataja ni ya Januari 1425. Mwaka 1499 Ferdinand na Isabella, wale wale walioichukua Granada miaka saba kabla yake, walitoa amri. Wagitano walipewa siku 60 za kutafuta makao na bwana wa kumtumikia, ama watoke nchini. Mkaidi alikuwa apigwe viboko mia na kufukuzwa, na akirudia akatwe masikio. Julai 1749 serikali ikafanya msako wa nchi nzima, ikakamata maelfu ya Wagitano, wanaume huku, wanawake na watoto kule, kusudi wasizaliane. Wanaume walipelekwa kufanya kazi ya sulubu katika gudi za majeshi ya majini. Wengine walikaa kifungoni zaidi ya miaka kumi, na hatia yao ni kuzaliwa tu.

Watu waliopitia hayo hawakuachiwa mashamba wala vyeo. Walibaki na kazi za mikono, uhunzi ukiwa mojawapo, na walibaki na koo zao. Ziko nyimbo za flamenko zinazohusishwa na viwanda vya wahunzi, nyimbo zisizopigiwa gitaa kabisa, mtu na sauti yake tu. Wapo miongoni mwetu wanaopenda kusema kwamba flamenko ni mali ya Waarabu wa Andalusia. Kuna alama za Kiarabu mle, sikatai, na za Kihindi, na za wakulima wa pale pale. Lakini tusiwanyang'anye Wagitano hata hili walilobaki nalo.

Turudi mtaani Butrón. Mzee mhunzi alikuwa na watoto watatu ambao majina yao yamesalia: Arturo, kaka mkubwa, Pastora, na Tomás, aliyezaliwa mwaka 1893. Wote watatu waliimba. Hawakuwa bendi kwa maana ya watu wanaovaa sare na kupanda jukwaani pamoja kila usiku. Nyumba ndiyo iliyokuwa bendi. Arturo alizijua nyimbo za kale, hasa zile nzito za msiba ziitwazo siguiriya, na wadogo zake walizipokea kwake kama mtoto anavyopokea chuo kwa kaka aliyetangulia. Pastora hakwenda skuli ya kumfunza kusoma. Alichokijua alikihifadhi kichwani, na kichwa chake kilibeba shehena.

Inasimuliwa kwamba alianza akiwa na miaka minane hivi, katika hema moja kwenye maonyesho ya kila mwaka ya Sevilla. Arturo ndiye aliyetakiwa kuimba, akashindwa kufika, binti akasimama mahali pake. Muda si muda akawa anaimba mikahawani hadi Madrid, bado mtoto. Umaskini haukuuliza umri. Jina la Vitana alilipata kutokana na wimbo mmoja uliotaja vitana, ambao watu walipenda kumsikia akiuimba. Yasemekana hakulipenda, lakini lakabu haimuulizi mwenyewe.

Mwaka 1910 aliingia kurekodi santuri. Kutoka hapo hadi 1950 aliacha nyimbo 258. Kwa mwanamke wa flamenko wa zama zile hiyo ni hazina isiyo mfano. Msomaji wa huku atamkumbuka Siti binti Saad, aliyevuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 sauti yake itiwe katika santuri. Wawili hawa hawakujuana, lakini walikuwa wa zama moja, wote wametoka katika nyumba za watu wasiohesabiwa, na wote mashine ile ile ndiyo iliyowapeleka mahali ambapo miguu isingewafikisha.

Na Pastora aliimba kila kitu. Waimbaji wengi wa flamenko walikuwa na aina mbili tatu walizozimudu, wakazishikilia. Yeye aliimba za msiba na za shangwe, za Sevilla na za Cádiz, za polepole na zile za kasi ya makofi ziitwazo bulerías. Wanawake na wasichana wa vijiji vya Andalusia walikuwa na nyimbo za kuimba kwenye bembea. Pastora akaichukua mojawapo, akaitia katika mizani ya flamenko, na leo bambera ni aina kamili inayofundishwa. (Bambera na bembea! Lakini nionavyo ni sadfa tu, tusiifanye hoja.) Nyuma yake walikaa wapigaji gitaa wakubwa wa wakati wake, akina Ramón Montoya, Niño Ricardo na Melchor de Marchena.

Juni 1922 wasomi walifanya mashindano makubwa ya uimbaji wa kale huko Granada, ndani ya Alhambra, ngome ya wafalme wa mwisho wa Kiislamu wa Andalusia. Walioyaandaa ni mtunzi wa muziki Manuel de Falla pamoja na wenzake, akiwemo mshairi kijana Federico García Lorca. Walihofia kwamba uimbaji huo unakufa. Pastora alikuwapo. Hofu hiyo hainiingii sana akilini. Katika nyumba ya akina Pavón hakuna kilichokuwa kikifa, ila wasomi walikuwa hawajapiga hodi.

Lorca ndiye aliyemwacha Pastora katika vitabu. Katika mhadhara alioutoa Buenos Aires mwaka 1933 alieleza usiku mmoja wa Cádiz. Pastora aliimba kwa ustadi wote alionao, na wasikilizaji wakanyamaza kimya, hakuna aliyetikisika. Mtu mmoja mfupi akatupa neno la kejeli la kuusifu mji wa Paris, akimaanisha kwamba ufundi mtupu hapa hauna soko. Pastora akainuka kama aliyepagawa, akanywa bilauri nzima ya kileo kikali, akaketi na kuimba tena, safari hii sauti imekwaruzika, pumzi imepungua, mapambo yote kayatupa. Hapo ukumbi ukapasuka. Bilauri hiyo sisi hatuisifu, lakini kisa kinafahamika vyema pwani. Hata kwetu mwimbaji huweza kuimba sawasawa, asikosee hata irabu, na watu wakaendelea kuzungumza mambo ya harusi. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1936, Lorca aliuawa kwa risasi mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mume wa Pastora alikuwa mwimbaji pia, José Torres, maarufu kama Pepe Pinto, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka 13. Mwaka 1949 walizunguka na onyesho lao kubwa la mwisho, kisha Pastora akastaafu. Mume alikuwa na baa katikati ya Sevilla, na hapo ndipo wapenzi wa flamenko walipomwona bibi yule akikaa kama mtu yeyote.

Lakini nataka kumzungumzia Tomás, maana ndiye anayenishughulisha katika habari hii yote. Wajuzi wengi humweka Tomás Pavón miongoni mwa waimbaji bora waliopata kuishi katika flamenko, na wapo wanaomtanguliza mbele ya dadake. Tatizo ni kwamba Tomás alikuwa mwenye haya kupita kiasi. Ukumbi uliojaa watu ulimtia kero. Aliimbia marafiki wachache usiku wa manane, mlango umefungwa, na akijisikia. Santuri zake ni chache mno zikiwekwa kando ya zile 258. Hata hivyo ndani ya hizo chache mna debla, wimbo wa kale usio na gitaa ambao ulikuwa karibu kusahaulika, na ni yeye aliyeurudisha. Kila anayeuimba leo anapitia kwake. Alifariki mwaka 1952, Arturo akamfuata mwaka 1959, na Pastora akabaki peke yake katika watatu.

Mwaka 1961 mji wa Cordoba ulimfanyia heshima kubwa. Mwaka 1968 Sevilla ikamsimamishia sanamu katika uwanja wa Alameda de Hércules, yungali hai, jambo ambalo Mgitano yeyote wa zama za babake angelicheka. Lakini kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Oktoba 1969 Pepe Pinto alifariki. Tarehe 26 Novemba mwaka huo huo, Pastora naye akaondoka. Alikuwa na umri wa miaka 79.

Mwaka 1999 serikali ya jimbo la Andalusia ilitangaza kwamba sauti ya Pastora Pavón, kama ilivyo katika santuri zake, ni turathi inayolindwa na sheria, sawa na msikiti mkuu wa zamani wa Cordoba au kuta za Alhambra. Ilikuwa miaka 500 tangu ile amri ya viboko na masikio. Tangazo linamhusu yeye pekee. Arturo na Tomás hawamo, na anayetaka kumsikia Tomás itambidi azitafute mwenyewe zile santuri zake chache.