William Herschel: Mpiga Kinanda Aliyeongeza Sayari

Ifikapo mwishoni mwa Novemba, Kilimia huchomoza mashariki jioni na kupanda juu ya mtaa wa Milimani mjini Nakuru. Usiku wa manane huwa kimefika karibu na utosi wa mbingu, kikiegemea kidogo kaskazini, uliko ukingo wa Menengai. Wakulima wa pwani walikitazama ili kujua majira, na jina lenyewe limezaliwa na kitenzi cha kulima. Mwaka 2025 palikuwa na nukta hafifu kusini kidogo ya nyota hizo. Taa za mji zilitosha kuificha machoni, lakini darubini ndogo ya mkono iliweza kuidhihirisha. Nukta hiyo ni sayari ya Uranus. Aliyeitambua kwanza hakuwa mwanafalaki kwa kazi, bali mwalimu wa muziki.

Friedrich Wilhelm Herschel alizaliwa Hannover, Ujerumani, tarehe 15 Novemba 1738. Babaye, Isaac, alipiga zumari katika bendi ya jeshi, naye kijana aliingia katika bendi hiyohiyo. Baada ya jeshi lao kushindwa vitani Hastenbeck mwaka 1757, alikimbilia Uingereza, hajatimiza hata miaka 20. Huko aliishi kwa kunakili na kufundisha muziki, hadi 1766 alipopata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa moja mjini Bath. Alitunga simfoni nyingi, na lau angekomea hapo, leo angetajwa kwa uchache katika historia ya muziki.

Vitabu vya nadharia ya muziki vilimfikisha kwenye hisabati, hisabati kwenye elimu ya mwanga, na elimu ya mwanga kwenye nyota. Darubini kubwa zilikuwa ghali kuliko mfuko wake, basi akaamua kujitengenezea. Vioo vya wakati huo vilikuwa vya madini, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ikayeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu na kusuguliwa kwa mkono muda mrefu mno. Nyumba ikageuka karakana. Mwaka 1781 alijaribu kusubu kioo kikubwa katika kalibu ya udongo na mavi ya farasi. Tanuru likavuja, madini ya moto yakatiririka sakafuni, mawe yakapasuka kwa kishindo, na mafundi wakatoka mbio.

Hapa hapana budi kumtaja dada yake, Caroline, aliyemfuata Bath mwaka 1772. Alikuja kujifunza kuimba, na akaimba vizuri kiasi cha kuitwa na waandalizi wa tamasha la mji mwingine. Akakataa, kwa kuwa hakutaka kuimba pasipo kaka yake kuongoza. Kaka naye alikuwa akizidi kuyapa mgongo maonyesho. Wakati mmoja Herschel alisugua kioo saa 16 bila kuondoa mikono, na Caroline akawa anamtilia chakula kinywani. Wasimulizi wengi huitaja habari hii kama kichekesho cha nyumbani. Lakini sauti iliyokuwa imefunzwa kwa miaka kadhaa ilinyamazishwa na vioo hivyo, na yeye mwenyewe hakuulizwa sana.

Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, akitumia kioo cha upana wa sentimita 16 hivi, Herschel aliona katika eneo la Ng'ombe, karibu na Mapacha, kitu ambacho hakikufanana na nyota. Nyota hubaki nukta hata ikikuzwa; hiki kilitanuka kila alipoongeza ukuzaji. Alidhani ni nyota yenye mkia, na ndivyo alivyoripoti. Anders Lexell na wenzake ndio waliopiga hesabu na kuonyesha kwamba kilizunguka jua karibu kwa duara, mbali maradufu ya Zohali. Itakumbukwa kuwa John Flamsteed alikwisha kukiona mwaka 1690 na kukiandika kama nyota ya kawaida.

Herschel aliiita sayari yake nyota ya Mfalme George, na kufikia 1782 alikuwa akilipwa na mfalme huyo pauni 200 kwa mwaka. Nje ya Uingereza jina hilo halikupendeza. Johann Bode akapendekeza Uranus, baba wa Zohali katika visasili vya Wayunani. Kiswahili nacho kilikuwa na majina ya sayari za kale, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, kwa sababu zinaonekana kwa macho. Hii haikuwa na jina. Baadaye orodha kadhaa za msamiati wa shuleni ziliazima Kausi na Sarateni kwa ajili ya sayari, ilhali katika falaki hayo ni majina ya buruji, Mshale na Kaa. Mkanganyiko huo haujesha.

Mwaka 1787 Herschel aligundua miezi miwili ya Uranus. Alidhani pia ameona pete, kisha mwaka 1798 akaikana dhana hiyo. Pete zipo, ila ziligunduliwa mwaka 1977 kutoka kwenye ndege juu ya Bahari ya Hindi.

Sayari hiyo imetengenezwa kwa nini? Hilo Herschel hakuwa na njia ya kulijua. Leo huitwa jitu la barafu, na jina hilo lataka tahadhari. Angahewa yake ni hidrojeni na heliamu pamoja na metheni, ambayo hufyonza mwanga mwekundu na kuacha rangi ya kijani-buluu. Chini yake, kwa mujibu wa mifano inayokubaliwa na wengi, mna tabaka nene la maji, amonia na metheni, na katikati kiini cha mawe. Wanafalaki huyaita maji hayo barafu hata pale yanapokuwa kiowevu kizito chenye joto la maelfu ya digrii. Uzito wake ni takriban mara 14.5 ya Dunia, nayo imelala ubavu, mhimili ukiwa umeinama digrii 98. Chombo kimoja tu, Voyager 2, kimepita karibu nayo, tarehe 24 Januari 1986.

Hata hivyo, Herschel aliacha ufunguo mmoja. Mwaka 1800 aliweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga uliotawanywa, pasipoonekana kitu, nacho kikapanda. Alikuwa amegundua miali ya infraredi. Kwa miali hiyo Voyager ilipima joto la Uranus na kukuta karibu hakuna linalotoka ndani. Hesabu za 2025 zimesahihisha kwamba sayari hutoa joto zaidi kidogo ya inalopokea kutoka kwenye jua.

Alifariki Slough tarehe 25 Agosti 1822, akiwa na miaka 83 na miezi tisa. Uranus hulizunguka jua kwa miaka 84. Caroline, ambaye kwa miaka hiyo alikuwa amegundua nyota nane zenye mkia na kulipwa mshahara na mfalme tangu 1787, alirudi Hannover. Alipofariki Januari 1848, sayari ya Neptuni ilikuwa imekwisha kupatikana, mwaka 1846, kwa hesabu za jinsi Uranus ilivyokuwa ikiyumba njiani mwake.