Robert Koch: Tabibu aliyewapiga picha bakteria

ROBERT Koch alikuwa tabibu wa wilaya katika mji mdogo wa Wöllstein, ulioko Poland siku hizi, alipoanza kuchunguza vijidudu vya kimeta kwa hadubini aliyopewa na mkewe, Emmy. Maabara yake ilikuwa sehemu ya chumba alimotibia wagonjwa.

Mjerumani huyo, aliyezaliwa Clausthal mwaka wa 1843, alithibitisha mnamo 1876 kwamba kimeta husababishwa na bakteria mahususi. Hata hivyo, wataalamu wa enzi hiyo walitegemea michoro ya mkono, na mchoraji aghalabu huona anachotarajia kuona. Koch akaunganisha kamera na hadubini, na mwaka wa 1877 akachapisha picha za bakteria. Kuanzia hapo hata mpinzani wake angeweza kujikagulia ushahidi.

Kifua kikuu kilimsumbua zaidi, kwa kuwa vijidudu vyake havishiki rangi upesi. Aliloweka vipande vyembamba vya tishu katika rangi ya buluu kwa saa nyingi, kisha akavitia rangi ya kahawia. Tishu ziligeuka kahawia, vijidudu vikasalia buluu. Alitangaza ugunduzi huo jijini Berlin mnamo Machi 24, 1882, tarehe ambayo ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Sifa zilimpa papara. Mwaka wa 1890 alitangaza dawa ya maradhi hayo, tuberkulini, huku akificha ilivyotengenezwa. Haikuponya, na baadhi ya waliodungwa walifariki. Baadaye ilifaa kwa upimaji tu.

Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1905. Mwaka uliofuata alipiga kambi katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, ambako malale yalikuwa yakiangamiza wakazi. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Chini ya hadubini vimelea vilitoweka, lakini baada ya muda vilirejea. Koch akaongeza kipimo, na wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka kabisa. Licha ya hayo, aliporudi Ujerumani mwaka wa 1907 aliendelea kuipendekeza dawa hiyo, kwa kipimo kidogo, pamoja na kuwatenga wagonjwa kambini.

Koch alifariki Baden-Baden mnamo Mei 27, 1910, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi yenye jina lake.