Thomas Cook: Seremala aliyeanzisha uwakala wa usafiri bila kumiliki hata behewa

WENGI wanaotamani kuwa mawakala wa usafiri wa kujitegemea huvunjika moyo mapema, wakidhani kwamba kazi hiyo ni ya wenye mabasi, ndege na hoteli. Maisha ya Mwingereza Thomas Cook, aliyefariki mwaka wa 1892, yanathibitisha kinyume cha mawazo hayo. Mtu huyu aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 10 aliingia katika biashara ya usafiri bila kumiliki hata behewa moja. Rasilmali yake ilikuwa mtambo wa kupigia chapa, miguu iliyozoea mwendo mrefu na sifa ya kutimiza ahadi. Na hata sifa hiyo ilikaribia kumponyoka kwa sababu ya safari moja iliyokwenda mrama.

Cook alizaliwa tarehe 22 Novemba, 1808, katika mji mdogo wa Melbourne, jimbo la Derbyshire. Babake alifariki Thomas angali mtoto mdogo, na umaskini ukamlazimu kuacha masomo na kwenda kufanya kibarua cha bustani kwa ujira wa peni moja kwa siku. Alipotimiza miaka 14 alipelekwa kwa jamaa yake mmoja kujifunza useremala.

Hata hivyo, moyo wake ulikuwa katika dini. Mnamo mwaka wa 1828 aliajiriwa na Wabaptisti kuwa mhubiri wa vijijini. Katika mwaka wa 1829 pekee alisafiri takriban maili 2,700, yaani kilomita 4,300, nyingi kati ya hizo kwa miguu. Fedha za kumlipa zilipokwisha, alirudia randa na msumeno katika mji wa Market Harborough. Mwaka wa 1833 alimwoa Marianne Mason na, katika kipindi hicho, akaapa kutoonja tena pombe. Baadaye alianza kuchapisha majarida ya kupinga ulevi, ambao aliuona kuwa mzizi wa ufukara wa wafanyakazi wa viwandani.

Ni vita hivyo dhidi ya ulevi vilivyomwingiza katika usafiri. Mwezi Juni, 1841, akitembea kwa miguu kuelekea Leicester, umbali wa kilomita zipatazo 24, kuhudhuria mkutano wa wapinga pombe, alipata wazo la kukodi garimoshi. Reli ilikuwa bado ngeni katika eneo hilo na nauli yake ya kawaida iliwashinda maskini. Cook aliiendea kampuni ya reli akiwa na hoja rahisi: mabehewa yaliyojaa watu wa nauli ndogo yangeifaa kuliko mabehewa matupu.

Kampuni ilikubali. Tarehe 5 Julai, 1841, watu wapatao 500 walisafiri kutoka Leicester hadi Loughborough na kurudi kwa shilingi moja kila mmoja. Walisindikizwa na bendi, wakanywa chai, wakacheza na kusikiliza hotuba. Safari za pamoja za garimoshi zilikuwapo kabla ya siku hiyo. Ustadi wa Cook ulikuwa katika kupanga kila kitu mapema, ili msafiri asiwe na la kuhangaikia ila kufika kituoni kwa wakati.

Kwa miaka michache iliyofuata aliandaa safari za watoto wa shule za Jumapili na za vyama vya wapinga pombe. Hakupata faida yoyote isipokuwa malipo ya kuchapisha matangazo. Kazi hii ya kujitolea ndiyo iliyokuwa shule yake. Humo alijifunza namna ya kujadiliana na wakuu wa reli, kupanga ratiba na kuwaongoza mamia ya watu ambao hawakuwa wamewahi kupanda garimoshi.

Mwaka wa 1845 ndipo alipoanza biashara yenyewe. Aliandaa safari ya Liverpool, ikiwa na nyongeza ya kwenda Wales kwa waliotaka kupanda Mlima Snowdon, na akakubaliana na reli alipwe kamisheni kwa kila tiketi. Kabla ya kuuza hata tiketi moja, alikwenda mwenyewe kuikagua njia, kisha akachapisha kijitabu cha kuwaongoza wateja wake. Tiketi za daraja la kwanza ziliuzwa kwa shilingi 15 na za daraja la pili kwa shilingi 10. Zilinunuliwa kwa pupa, hata wakatokea walanguzi walioziuza tena kwa bei ya juu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwaka uliofuata nusura umwangamize. Katika kiangazi cha 1846 Cook aliwapeleka watu 350 Uskoti. Garimoshi halikuwa na choo, na chai waliyoahidiwa njiani haikupatikana. Walipofika Fleetwood kupanda meli, vyumba havikuwatosha wote, na baadhi yao walikesha sitahani huku dhoruba ikivuma. Lawama zilimwangukia Cook, ingawa garimoshi na meli havikuwa vyake. Mwaka huo huo alitangazwa muflisi.

Mwingine angerudia useremala. Cook alirudi Uskoti na wateja wengine, safari hii akiwa amejifunza kwamba msafiri hamjui mwenye meli wala mwenye reli. Anamjua yule aliyempokea fedha zake. Hatua kwa hatua imani ya watu ilirejea. Mkewe Marianne naye alisimamia hoteli isiyouza pombe iliyofunguliwa Leicester mwaka wa 1853.

Fursa kubwa ilikuja mwaka wa 1851, kulipofanyika Maonyesho Makuu katika bustani ya Hyde Park, London. Cook na mwanawe John Mason, aliyekuwa na umri wa miaka 17, walizunguka miji ya viwanda wakiwahimiza wafanyakazi kujiunga na vyama vya akiba ili walipe nauli kidogo kidogo, mtindo ambao wanachama wa vyama vya humu nchini wangeutambua mara moja. Ushindani wa kampuni za reli ulishusha nauli hadi shilingi tano. Kufikia mwisho wa maonyesho, Cook alikuwa amewasafirisha watu wapatao 165,000.

Lakini anayetegemea chombo cha mwenziwe hana budi kuwa tayari kuteremshwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1860, kampuni za reli za Uskoti zilikataa kuendelea kumpa tiketi za nauli nafuu. Mlango uliomlisha kwa zaidi ya miaka 10 ukafungwa. Cook aligeukia ng'ambo, na mwaka wa 1863 aliongoza wasafiri hadi Uswisi. Italia ilifuata. Mwaka wa 1865 alifungua ofisi katika barabara ya Fleet Street, London, ambako mwanawe alikuja kuwa mhimili wa biashara.

Matajiri walioziona nchi hizo kuwa zao pekee walichukizwa. Mwandishi Charles Lever, aliyekuwa afisa wa ubalozi nchini Italia, aliwakejeli wasafiri wa Cook magazetini. Cook alijibu bila kusitasita, akishikilia kwamba uzuri wa dunia si mali ya tabaka moja.

Huku nyuma, alikuwa akiondoa usumbufu mmoja baada ya mwingine. Kuponi za hoteli, zilizoanza kutumika mnamo 1868, zilimwezesha mteja kulipia malazi na chakula kabla ya kuondoka nyumbani. Baadaye zilifuata hati za fedha zilizoweza kubadilishwa katika nchi mbalimbali. Mwaka wa 1869 aliongoza kundi lake la kwanza hadi Misri na Palestina, mwaka ule ule Mfereji wa Suez ulipofunguliwa na kufupisha njia ya meli kati ya Ulaya na pwani yetu. Mnamo 1872 alianza safari ya kuizunguka dunia, iliyochukua siku 222.

Mafanikio hayo hayakuleta amani nyumbani. Baba aliuona utalii kuwa sehemu ya utume wake, na hakusita kutumia fedha katika shughuli za dini. Mwana aliuona kuwa biashara, na kila senti ilipaswa kuhesabiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mzee alijiondoa, na kampuni ikabaki mikononi mwa John. Binti yake Annie alifariki mwaka wa 1880 na Marianne akafuata mwaka wa 1884. Thomas mwenyewe alipofuka, akafariki Leicester tarehe 18 Julai, 1892, akiwa na umri wa miaka 83.

Jina lake lilidumu, ingawa familia iliiuza kampuni mwaka wa 1928. Tarehe 23 Septemba, 2019, kampuni hiyo, ambayo kufikia wakati huo ilikuwa na ndege na hoteli zake, iliporomoka kwa mzigo wa madeni. Watalii wapatao 150,000 wa Uingereza walikwama ughaibuni wakisubiri serikali iwarejeshe makwao.

Ndiyo maana maisha ya seremala huyu yangali na funzo kwa kijana anayefungua kiofisi chake Nairobi, Mombasa au Kisumu. Ndege zinaweza kukodiwa na hoteli kulipiwa. Mteja anayefika uwanjani na mizigo yake na kuambiwa kwamba tiketi yake haipo hatamtafuta mwenye ndege. Atamtafuta wakala. Cook aliyajua hayo tangu usiku ule wa dhoruba wa 1846, na kila alichokijenga baadaye kilisimama juu ya kumbukumbu hiyo.