Hans Berger: daktari aliyenasa umeme wa ubongo

Mtu aliyevunjika uti wa mgongo akapooza mikono na miguu anaweza leo kuketi mbele ya kompyuta, akawaza kwamba anakunja kiganja chake, na mtambo ukaitambua nia hiyo kutoka juu ya ngozi ya kichwa chake. Msingi wa elimu hiyo uliwekwa na daktari wa Ujerumani, Hans Berger, aliyefariki dunia mwaka 1941, na ambaye maisha yake yana upande uliochelewa mno kusimuliwa.

Berger alizaliwa tarehe 21 Mei mwaka 1873 huko Neuses, karibu na mji wa Coburg. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alikuwa binti wa Friedrich Rückert, mshairi mashuhuri na mjuzi wa lugha za mashariki, ambaye alitafsiri sehemu za Kurani kwa Kijerumani. Kijana Hans alianza kusomea hesabu chuoni, akitarajia kuwa mtaalamu wa elimu ya nyota, lakini baada ya muhula mmoja aliacha masomo, akajiunga na jeshi la wapanda farasi kwa mwaka mmoja.

Huko ndiko kulikotokea jambo lililogeuza maisha yake. Katika mazoezi, farasi wake aliinuka kwa miguu ya nyuma, Berger akaanguka kwenye njia ya mzinga uliokuwa ukivutwa na farasi wengine. Magurudumu yalisimamishwa yakiwa yamebakiza kidogo tu kumfikia. Jioni ya siku hiyo hiyo alipokea simu ya maandishi kutoka kwa baba yake, akiulizwa hali yake. Dada yake, aliyekuwa mbali sana na kambi hiyo, alikuwa ameingiwa ghafla na hofu kwamba kaka yake yumo hatarini, akamsihi baba yao atume ujumbe bila kukawia.

Wengi wetu tungeliita tukio hilo sadfa, tukalisimulia kwenye karamu. Berger aliamini kwamba hofu yake mwenyewe ilisafiri hadi kwa dada yake, na kwamba kama wazo linaweza kusafiri, basi lina nguvu inayoweza kupimwa. Aliiacha hesabu, akasomea udaktari, na mwaka 1897 akaanza kazi katika hospitali ya maradhi ya akili ya Chuo Kikuu cha Jena. Hapo alibaki karibu maisha yake yote ya kazi, akawa mkurugenzi wake mwaka 1919.

Kwa zaidi ya miaka 20 juhudi zake hazikuzaa matunda. Alipima jinsi damu inavyopita katika ubongo, kisha akapima joto la ubongo, asipate alichokitafuta. Hatimaye aligeukia umeme. Mwingereza Richard Caton alikuwa ameonyesha mwaka 1875 kwamba ubongo wa wanyama hutoa umeme hafifu, lakini hakuna aliyekuwa ameurekodi kutoka kwa binadamu. Tarehe 6 Julai mwaka 1924, kijana wa miaka 17 alipokuwa akifanyiwa upasuaji wa kichwa mjini Jena, Berger alifanikiwa kuunasa kwa chombo chake cha kupimia umeme. Nguvu yake ilikuwa ndogo mno, pungufu ya sehemu moja ya elfu kumi ya volti.

Alikaa miaka mitano bila kutangaza lolote. Alihofia kwamba alichokiona ni mapigo ya moyo, au ngozi, au hitilafu ya chombo, akarudia vipimo tena na tena, hata kwa mwanawe Klaus. Mwaka 1929 ndipo alipochapisha ripoti yake ya kwanza na kukipa kipimo hicho jina la elektroensefalogramu. Alieleza kwamba mtu aliyetulia na kufumba macho hutoa mawimbi kama kumi kwa sekunde, na kwamba mawimbi hayo hufifia anapofumbua macho au anapoanza kufikiri kwa bidii. Jambo hili la pili tutalirudia.

Wanasayansi wenzake wengi hawakumjali. Daktari wa magonjwa ya akili, mkimya, asiye na mafunzo ya kutosha ya fizikia, alionekana kama mtu anayejidanganya. Mambo yalibadilika mwaka 1934, pale Edgar Adrian wa Cambridge, mshindi wa Tuzo ya Nobel, aliporudia majaribio hayo pamoja na mwenzake Bryan Matthews na kuthibitisha kwamba Berger alisema kweli. Mwaka uliofuata madaktari wa Marekani walionyesha jinsi kipimo hicho kinavyofichua kifafa, na hiyo ndiyo kazi kinayofahamika nayo zaidi hospitalini hadi leo.

Katika miaka hiyo hiyo Wanazi walikuwa madarakani. Sheria waliyoipitisha Julai mwaka 1933 iliruhusu kufungwa uzazi kwa nguvu watu waliodaiwa kuwa na maradhi ya kurithi, wakiwemo wenye kifafa, viziwi, vipofu na wenye ulemavu mkubwa wa viungo. Watu wapatao 400,000 walifanyiwa hivyo. Kesi zao zilipelekwa mbele ya mahakama maalumu ambamo madaktari waliketi pamoja na majaji, na katika mahakama ya rufaa ya Jena mmoja wa madaktari hao alikuwa Hans Berger.

Alistaafu mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 65. Tarehe 1 Juni mwaka 1941, akiwa mgonjwa na amezama katika huzuni nzito, alijiua katika hospitali aliyokuwa ameiongoza. Baada ya vita waandishi wengi walimweleza kama mhanga wa Wanazi, aliyefukuzwa kazi kwa kuwapinga. Watafiti waliofukua kumbukumbu za wakati huo wamelikanusha simulizi hilo. Berger aliichangia SS fedha kama mwanachama msaidizi, na miezi michache kabla ya kifo chake alikubali mwaliko wa kurudi kuketi katika mahakama ile ile.

Ugunduzi wake umewafikia watu ambao Berger hakuwawazia. Uti wa mgongo ukikatika, ubongo huendelea kutoa amri, ila amri hazifiki kwenye misuli. Mtu anapowaza kusogeza mkono, mawimbi ya sehemu ya ubongo inayouongoza hufifia karibu kama anapousogeza kweli, jambo lenye undugu na lile Berger aliloliona mwaka 1929. Huko Graz, Austria, kundi la Profesa Gert Pfurtscheller lilieleza mwaka 2003 habari za kijana aliyepooza ambaye, baada ya mazoezi ya miezi mingi, aliweza kushika kitu kwa mkono wake. La ajabu ni kwamba hakuwaza mkono. Aliwaza anasogeza nyayo zake, kompyuta ikaitambua ishara hiyo, na umeme ukapelekwa kwenye misuli ya mkono.

Mjini São Paulo, Brazil, wagonjwa wanane waliopooza miguu kwa miaka kadhaa walifanya mazoezi kama hayo kwa mwaka mzima, wakisaidiwa na mitambo ya kutembelea. Ripoti ya mwaka 2016 ilisema kwamba walirudiwa kwa kiasi fulani na hisia na uwezo wa kukaza misuli iliyo chini ya jeraha. Wanane ni wachache, na kwa kuwa mazoezi yalichanganywa ya aina nyingi, si rahisi kujua ni lipi lililowasaidia.

Wagonjwa hao huvaa kofia yenye vipande vidogo vya chuma vinavyogusa ngozi ya kichwa, mara nyingi vikiwa vimepakwa jeli maalumu ili umeme upite vizuri. Kofia ikilegea, ishara inayoifikia kompyuta huharibika.